Njaa na Joto: Kinachoua Betri za Umeme wa Jua

 

Nimeombwa nizungumzie betri, na kwa kuwa wengi wenu mna sola nyumbani au kazini, nitazungumzia betri hiyo hiyo mnayoijua: ile inayokaa kwenye kona ya stoo ya zahanati, nyuma ya kabati la mwalimu au chini ya meza ya duka, inayochajiwa mchana na kutumika usiku. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: fundi alisema betri itakaa miaka mitano, mbona imekufa kabla ya miwili? Jibu la haraka huwa kwamba betri ilikuwa feki. Feki zipo, na nitazifikia. Lakini betri nyingi zinazoletwa kwetu zikiwa zimekufa ni halisi, zilitengenezwa vizuri, na zilikuwa na uwezo wa kuishi. Zimeuawa na vitu viwili: kutojazwa na joto. Na vyote viwili, mara nyingi, viliamuliwa siku mfumo ulipofungwa, kabla mtumiaji hajawasha hata taa moja. Kwa hiyo sitaanza na mtumiaji, ambaye hulaumiwa na kila mtu. Nitaanza na betri yenyewe, nije kwa aliyepiga hesabu, kisha kwa anayetoa fedha.

Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na kanuni yake haijabadilika mpaka leo. Betri ya volti 12 ina seli sita, kila moja ya volti mbili na kidogo. Ndani ya seli mna mabamba hasi ya risasi yenye vinyweleo na mabamba chanya ya oksidi ya risasi, yote yamezama katika asidi ya salfuriki iliyochanganywa na maji. Ukitumia umeme, asidi inatoka kwenye maji na kushikana na mabamba, na uso wa mabamba unageuka kuwa salfeti ya risasi. Ukichaji, salfeti inavunjika na asidi inarudi kwenye maji. Ndiyo maana fundi mwenye haidromita akinyonya maji kidogo ya seli anajua hali yake papo hapo: kipimo kikisoma karibu 1.27 seli imejaa. Kikisoma karibu 1.20, nusu imekwenda, kikisoma 1.12 seli iko tupu.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu ndipo kifo kingi kinapoanzia. Salfeti iliyotengenezwa leo ni punje ndogo, laini, na chaji ya kesho inaivunja bila shida. Lakini ikiachwa siku kadhaa, wiki, mwezi, punje zile hukua, hushikamana na kuwa fuwele ngumu. Fuwele hizo chaji ya kawaida haizivunji tena. Huziba vinyweleo vya bamba, na sehemu ile ya bamba inakuwa haimo tena kwenye kazi. Betri ya ampea-saa 100 inakuwa ya 80, halafu 60, halafu 30, huku kwa nje ni ile ile, lebo ile ile, inang'aa.

Darasani huwa tunapasua betri zilizokufa ili wanafunzi waone kwa macho. Asidi humwagwa kwanza kwenye ndoo ya plastiki na kupoozwa kwa magadi soda mpaka iache kutoa povu; wanafunzi wanavaa glovu za mpira na miwani; kifuniko kinakatwa kwa msumeno wa chuma na seli zinavutwa nje. Bamba hasi lililo zima lina rangi ya kijivu, na ukilikwaruza kwa ncha ya bisibisi linaacha mstari unaong'aa, metali safi. Bamba la betri iliyokaa bila kujazwa halifanyi hivyo. Limepauka, ni gumu, na bisibisi inapita juu yake ikikwaruza mchanga, bila mng'ao wowote. Betri iliyoteswa na joto ina alama nyingine: bamba hasi linaweza kuwa bado zuri, lakini chanya limelika; fremu yake ya risasi inavunjika kwa vidole, na chini ya boksi kumejaa tope la kahawia ambalo zamani lilikuwa bamba. Mwanafunzi akishayaona mabamba ya aina hizo mbili hahitaji tena kuambiwa nani alikuwa muuaji.

Kutojazwa ndiko nitakakokuita njaa. Ili tuielewe, tupige hesabu ya zahanati ndogo ya kijijini, hesabu ambayo fundi alipaswa kuipiga kabla ya kupanda juu ya paa. Tuseme kuna taa sita za wati 7, zinawaka saa tano: wati-saa 210. Chumba cha kujifungulia kina taa ya wati 15 inayokesha saa kumi: 150. Hadubini ya wati 20 kwa saa nne: 80. Simu kumi za wahudumu na majirani, wati-saa 8 kila moja: 80. Jumla 520. Inverta nayo inakula, na nyaya zinakula, kwa hiyo tuweke 600 kwa siku. Ukigawa kwa volti 12 unapata ampea-saa 50 kila usiku.

Upande wa jua sasa. Sehemu nyingi za nchi yetu tunaweza kutegemea jua kamili la saa nne na nusu kwa siku, tukichukua wastani. Paneli haitoi wati zilizoandikwa mgongoni mwake muda wote huo; kuna vumbi, kuna joto la paneli yenyewe, kuna umeme unaopotea wakati wa kuchaji. Tukikubali kwamba tunapata asilimia 65, paneli ya wati 150 inatuletea wati-saa 440 kwa siku. Zahanati inatumia 600. Kila siku inayopita, wati-saa 160 zinakosekana, na hazitoki angani. Zinatoka kwenye akiba ya betri. Baada ya siku tatu au nne betri imefika chini, na kuanzia hapo inaishi hapo hapo chini. Inachajiwa kidogo asubuhi, inamalizwa usiku, haijai hata siku moja. Salfeti yake haipati nafasi ya kuvunjika yote. Katika mwaka wa kwanza bamba linaanza kupauka.

Kwa mahitaji yale, paneli ilipaswa kuwa na wati 205 kwa uchache, na fundi mwenye busara angefunga 250 au 300 kwa ajili ya masika. Lakini tazameni kinachotokea. Betri inapokufa, mganga mkuu anaandika barua, fedha zinapatikana, na anachoagiza ni betri kubwa zaidi. Inaletwa ya ampea-saa 200, inaunganishwa kwenye paneli ile ile ya wati 150. Wamenunua njaa kubwa zaidi kwa bei ya juu zaidi. Mimi ningesema bila kusita: mwenye fedha za kununua kitu kimoja tu anunue paneli. Paneli haina sehemu inayozunguka, hukaa miaka 20 na zaidi, na bei yake imeshuka mno katika miaka hii kumi na mitano. Bado mafundi wetu wengi wanafunga mifumo kwa mazoea ya wakati ule paneli ilipokuwa dhahabu.

Halafu inaingia televisheni. Silaumu, wagonjwa wanasubiri saa nyingi, na watumishi waliopangiwa kijijini nao ni watu. Televisheni ya wati 60 kwa saa tano ni wati-saa 300, nusu nzima ya mahitaji yote ya zahanati. Kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji ya betri, ikiona volti zimeshuka inakata umeme, kwa sababu ndiyo kazi yake. Hapo ndipo anapoitwa kijana anayejua umeme, akaunga dairekti: waya unatoka kwenye vichwa vya betri moja kwa moja, kontrola imerukwa. Taa zinawaka. Wiki moja ya kuunga dairekti inaweza kuharibu zaidi ya mwaka mzima wa matumizi ya kawaida, maana betri inashushwa mpaka volti 10 na kuachwa hapo mpaka jua litoke.

Kipimo cha kujua kama betri yako ina njaa hakihitaji mtaalamu. Nunua mita ya bei nafuu. Pima volti alfajiri kabla jua halijapiga paneli, taa zikiwa zimezimwa kwa muda. Ukiona 12.6 au 12.7 betri imeamka ikiwa imejaa. Ikiwa 12.2, nusu imetumika. Ikiwa chini ya 12, ilimalizwa. Kisha pima au angalia kontrola saa tisa alasiri: je, betri imefika volti 14 na zaidi kidogo, ikakaa hapo kwa saa moja au mbili? Betri isiyofika hapo kwa siku nyingi mfululizo inakufa polepole, hata kama kila usiku taa zinawaka vizuri. Andikeni namba hizo kwenye daftari. Daftari la zahanati lenye namba mbili kwa siku lina thamani kuliko maelezo yoyote atakayopewa fundi baadaye.

Nije kwenye joto. Mwaka 1889 Msweden Svante Arrhenius alieleza kwa hesabu jinsi joto linavyoharakisha mmenyuko wa kemikali, na kutokana na hesabu hiyo wahandisi wa betri wamepata kanuni wanayoitumia kila siku: joto likipanda kwa nyuzi 10 hivi, uchakavu wa betri unaongezeka karibu maradufu. Miaka inayoandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji imepimwa kwenye nyuzijoto 25. Betri iliyoahidiwa miaka sita kwenye nyuzi 25 itakaa karibu mitatu kwenye 35, hata ikitunzwa vizuri kwa kila njia nyingine. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa, Lindi, mwezi wa Februari mchana unapita nyuzi 32 kivulini. Sasa ingieni kwenye stoo isiyo na dirisha, mabati yasiyo na dari, saa nane mchana. Hapo tunazungumzia nyuzi 40 na kuendelea, na betri nayo inajiongezea joto kidogo kila inapochajiwa. Mtengenezaji hakudanganya. Aliandika kuhusu chumba ambacho hatukuijengea betri yetu.

Dawa ya joto ni ya bure au karibu na bure, ndiyo maana naumia kuona inapuuzwa. Betri ikae chini, siyo kwenye rafu karibu na mabati. Ikae mbali na ukuta wa magharibi unaopigwa na jua la alasiri. Tundu la hewa liwe chini na jingine juu, kwa ajili ya ubaridi na kwa ajili ya gesi ya haidrojeni inayotoka betri inapojaa, gesi ambayo cheche moja inatosha kuilipua. Kwa sababu hiyo hiyo chumba cha betri kisiwe chumba cha kulala, na mshumaa usiingie humo. Wapo wanaosema sakafu ya saruji inanyonya chaji. Hilo lilikuwa na maana enzi za maboksi ya mbao yaliyovuja. Boksi la plastiki la leo halipitishi umeme, na sakafu ya saruji ndiyo sehemu yenye ubaridi kuliko zote ndani ya nyumba. Ikae hapo kwa raha zake.

Joto linagusa na chaji pia. Volti inayoijaza betri vizuri kwenye nyuzi 25, tuseme 14.4, inaichemsha kwenye nyuzi 35. Hapo ilitakiwa ishuke mpaka kama 14.2. Kontrola nzuri ina kihisi-joto cha kuipunguza yenyewe. Lakini nimeona kontrola nyingi zikiwa zimefungwa sebuleni penye feni, na betri iko stoo inaungua. Kihisi kinapima ubaridi wa sebule na kuagiza chaji ya ubaridi. Kama kontrola ina waya wa kihisi, waya huo ubandikwe ubavuni mwa betri. Kama haina, kontrola na betri zikae chumba kimoja.

Watu wa Makete na Njombe wanaosikiliza wasidhani nimewasahau. Ubaridi kwa betri ya risasi ni rafiki wa uhai wake, ingawa unapunguza kidogo kiasi cha umeme inachotoa usiku huo. Kwenu mpunguze wasiwasi wa joto na muongeze paneli kwa ajili ya ukungu.

Mtashangaa kwamba sijafika bado kwenye kile ambacho mafundi hukitaja kwanza, yaani kina cha matumizi: usitumie zaidi ya nusu ya betri. Ni ushauri sahihi, lakini naona tumeupa uzito usio wake. Tuseme betri nzuri ya sola inaweza kuchajiwa na kutumika mara 1,000 ikitumiwa nusu, na mara 500 ikitumiwa asilimia 80. Namba za namna hiyo mtaziona kwenye karatasi za watengenezaji wengi. Fanyeni hesabu kwa betri ya ampea-saa 100. Nusu mara 1,000 ni ampea-saa 50,000 katika maisha yake yote. Asilimia 80 mara 500 ni 40,000. Tofauti ipo, ni moja ya tano. Lakini betri ya tatu, iliyotumiwa nusu kila usiku bila kujazwa mchana, haifikii hata robo ya namba hizo. Kwa hiyo mtumiaji aliyezidisha jana usiku kwa sababu kulikuwa na mama anajifungua hajaua betri, mradi leo au kesho ijazwe mpaka juu. Kinachoua ni kuzidisha bila kurudisha. Muuguzi asikatazwe kuwasha taa ili kuilinda betri. Aliyefunga paneli ndogo aulizwe.

Jambo moja ambalo halina mjadala: betri ya gari haikuundwa kwa kazi hii. Ina mabamba mengi membamba ya kutoa nguvu kubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini, baada ya hapo alternata inaijaza. Ukiifanya itumike mpaka chini kila usiku, mabamba yale membamba yanamomonyoka. Najua kwa nini watu hununua N70 ya gari: ndiyo iliyopo dukani, na bei ni karibu nusu. Katika miaka sita watainunua mara nne.

Mengine nitayapitia haraka. Betri yenye vifuniko vya kufungua iongezwe maji ya betri kila maji yanapokaribia mabamba, maji safi yasiyo na madini, siyo ya bomba, siyo ya kisima. Na isiongezwe asidi, kwa sababu kilichopungua ni maji tu. Vichwa vya betri vikiota unga mweupe au wa kijani visafishwe kwa maji ya magadi soda na kupakwa grisi. Betri mpya isiunganishwe na ya zamani. Ya zamani inaivuta mpya chini, na baada ya miezi michache mna mbili za zamani. Kwa zile za kufungua, ni vizuri mara moja kwa mwezi kontrola iruhusiwe kuzichaji kwa volti ya juu kidogo kwa saa chache, ili asidi nzito iliyotuama chini ichanganyike na ya juu. Zilizofungwa za jeli zisifanyiwe hivyo kamwe, kwa sababu maji yakitoka humo hakuna pa kuyarudishia.

Na feki nilizoahidi? Chukueni mizani. Betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 100, ina uzito wa kilo 28 mpaka 30, kwa sababu risasi ni nzito na hakuna njia ya kuikwepa. Lebo ikisema 100 na mizani ikasema 18, risasi haimo. Pima na volti kabla ya kulipa. Betri iliyokaa dukani mwaka mzima bila kuchajiwa hupoteza chaji yenyewe kila mwezi, na kwenye duka lenye joto hupoteza haraka zaidi; ikisoma 12.2 kwenye kaunta, salfeti imeshaanza kukomaa na wewe hujaitumia hata siku moja.

Sasa lithiamu, ambayo vijana wengi humu wanaisubiri. Sony iliuza betri ya kwanza ya lithiamu-ayoni mwaka 1991. Mwaka 1997 John Goodenough na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas walichapisha kazi yao juu ya fosfeti ya chuma, na aina hiyo ndiyo inayoingia sasa kwenye sola zetu. Mwaka 2019 Goodenough, akiwa na Stanley Whittingham na Akira Yoshino, alipewa Nobeli ya Kemia. Aina ya fosfeti haina kobalti, madini ambayo sehemu kubwa ya dunia huyapata kwa jirani zetu wa Kolwezi, jimboni Lualaba, nchini Kongo, wakati mwingine kutoka kwenye mikono ya wachimbaji wadogo na watoto. Na haishiki moto kirahisi kama zile zenye kobalti. Kwa nyumba na zahanati, kama fedha zipo, hiyo ndiyo ningeichagua. Mara 3,000 mpaka 6,000 za kuchaji na kutumia ni jambo la kawaida kwake kabla haijashuka hadi asilimia 80 ya uwezo wa mwanzo, na hata hapo bado ina kazi.

Lakini inakufa kwa sababu tofauti na risasi, na hapa mazoea ya zamani yanadhuru. Betri ya risasi hutaka ijae kila siku. Lithiamu haihitaji hivyo. Kukaa nusu hakuidhuru hata kidogo, na kukaa miezi imejaa pomoni kwenye joto ndiko kunakoichakaza. Ndani yake, siku ya kwanza ya kuchajiwa, utando mwembamba hujijenga juu ya grafiti ya upande hasi. Utando huo ni wa lazima, ndio unaoilinda seli. Ila hauachi kukua, na kila unapokua unameza lithiamu iliyokuwa ya kubeba umeme. Joto linaukuza haraka, na chaji ya juu inaukuza haraka, vikiwa pamoja ndiyo mbaya zaidi. Unakua hata betri ikiwa imekaa tu bila kutumika. Kwa hiyo joto, adui wa kwanza wa pwani, linaiandama lithiamu vile vile. Yale ya kivuli, sakafu na tundu la hewa yanabaki pale pale.

Mambo mengine mawili ya lithiamu, kwa mafundi. Volti yake haisemi ukweli. Kutoka asilimia 90 mpaka 20 seli ya fosfeti inakaa karibu na volti 3.2 ile ile, kwa hiyo mita ya alfajiri niliyowashauri haisaidii. Unahitaji kifaa kinachohesabu umeme unaoingia na unaotoka, na mara moja moja betri ijazwe kabisa ili hesabu isahihishwe na seli zisawazishwe. La pili: kontrola ibadilishwe mipangilio. Ile chaji ya juu ya kila mwezi inayoisaidia betri ya risasi inailazimisha saketi ya ulinzi ya lithiamu kukata umeme ghafla, na kontrola au inverta iliyoachwa bila betri ghafla inaweza kuungua. Na pale juu mlimani, kwenye kambi kama Kibo ya mita 4,720, ambako usiku unashuka chini ya sifuri, lithiamu isichajiwe ikiwa imeganda. Badala ya kuingia ndani ya grafiti, lithiamu hutandaza metali juu yake, na metali hiyo hairudi. Zile zilizoundwa mtaani kwa seli kuukuu za kompyuta mpakato, bila saketi ya ulinzi, msiziweke ndani ya nyumba ya watoto.

Ndugu Mwenyekiti, nimesema kifo cha betri huamuliwa mapema, na sijamtaja bado mwamuzi mmoja: aliyeandika bajeti. Miradi mingi huleta mfumo mzima siku moja, kwa picha na utepe, na haina shilingi hata moja ya betri ya pili. Lakini betri ya pili itahitajika. Hiyo ni hakika kuliko mvua. Friji za chanjo zinatufundisha hapa. Kwa miaka mingi friji za sola zilikuwa na betri, na betri ndiyo iliyokuwa ikifa kwanza, chanjo zikaharibika. Watengenezaji wakaunda friji ambazo paneli inaendesha kompresa moja kwa moja, mchana zinatengeneza barafu, na usiku barafu inahifadhi ubaridi. Shirika la Afya Duniani linazipitisha friji hizo, na zimesambaa. Somo kwangu ni kwamba pale ambapo hakuna mtu wa kuilipia betri, ni bora kuunda kazi bila betri: bomba la maji lipampu mchana kwenye tangi, hadubini itumike mchana. Pale ambapo taa ya usiku haikwepeki, awepo mwenye dhamana. Tuseme betri ni shilingi 600,000 na tunatarajia miaka mitano: ni shilingi 10,000 kwa mwezi. Kuchaji simu za wanakijiji peke yake kunaweza kuzileta. Kigali na Nairobi, pikipiki za umeme hubadilishiwa betri vituoni, na betri ni mali ya kampuni, siyo ya dereva. Kampuni hizo zinapima joto na chaji ya kila betri kwa sababu uchakavu wake ni hasara yao. Betri ya zahanati haina mwenyewe wa namna hiyo, na serikali ya kijiji inaweza kumteua kesho asubuhi, ikampa mita, daftari na ufunguo wa stoo.

Namaliza na mahali betri inapokwenda ikifa. Betri ya kilo 29 ina kilo 18 hivi za risasi. Nyumba ikibadilisha kila miaka miwili, katika miaka 12 imezalisha zaidi ya kilo 100 za risasi. Ikibadilisha kila miaka sita, kilo 36. Risasi ni sumu ya ubongo wa mtoto. Owino Uhuru, kule Changamwe, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi kando ya nyumba za watu mpaka mwaka 2014, na vumbi lake likaingia kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe aliugua, aliwaongoza wakazi. Alipata Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Rufaa ikaitengua, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Kwa hiyo betri yenu ikifa irudisheni nzima, asidi yake ikiwa ndani, kwa muuzaji anayepokea kuukuu na kupunguza bei ya mpya, na mumuulize anaipeleka kiwanda gani. Anayeinunua kwa kilo na kuipasua kwa shoka uani kwake, asidi ikaenda mferejini, msimuuzie.

 Mita na haidromita ziko hapa mezani, pamoja na yale mabamba mawili. Karibuni muyakwaruze wenyewe kabla ya maswali.